Barua kwa Shangazi: "Nilikuwa namdai marehemu, na msibani nikasema neno"

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuza nazi wa jumla hapa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 41, mjane, watoto watatu.

Miezi miwili iliyopita mji wetu ulimpoteza mtu mkubwa. Jina silitaji, wa Tanga watamjua. Alikuwa na malori, maghala mawili na nyumba Raskazone, na kila Ramadhani watu walipanga foleni getini kwake kupokea tende na mchele. Mwaka jana mambo yakaanza kwenda kombo. Mzigo ulikwama, benki ikadai chake, malori yakachukuliwa moja baada ya jingine. Mwisho wake akajitoa uhai.

Mji haukunyamaza. Wapo waliosema pesa zile zilikuwa za majini, na wenyewe wamekuja kuchukua chao. Wengine wakasema mpanda ngazi hushuka. Kahawani wanaume wakasema, "Si angeuza ile nyumba? Mbona sisi tunashindia chai ya rangi na hatujiui?"

Mimi nilikuwa namdai shilingi 3,800,000 za nazi alizochukua kwangu kupeleka Arusha. Siku ya pili ya msiba tulikuwa uani tunamenya vitunguu, nikasema kwa sauti, "Kaona bora afe kuliko kunilipa." Wanawake wakacheka. Kugeuka, binti yake amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alinitazama, akaweka sinia chini, akaondoka. Yuko kidato cha tatu, darasa moja na mwanangu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Hela yangu naihitaji, maana na mimi nadaiwa. Shangazi, ni dhambi kudai? Tuliyoyasema ni kweli, kwamba tajiri anayejiua kwa sababu ya pesa ni mtu asiye na shukrani? Na huyu binti nimwambie nini?

Muuza nazi, Ngamiani


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hela, maana hilo ndilo jepesi. Kudai si dhambi. Katika dini yetu mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na warithi ndio wa mwisho. Ndiyo maana kwenye maziko ya kwetu pwani ndugu husimama mbele ya watu na kusema, "Anayemdai marehemu aje aonane nasi." Mtume mwenyewe aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akasita kumswalia, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liwe juu yake. Kwa hiyo huombi sadaka. Subiri ukoo ukae, wamteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, halafu umpelekee madai yako kwa maandishi: tarehe za mizigo, idadi ya nazi, na karatasi yoyote uliyonayo. Yeye ndiye atakayepeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Mjane mwachie eda yake, usimfuate na daftari chumbani.

Na kama mali haitoshi kuwalipa wote, na ninavyosoma barua yako huenda isitoshe, iko aya katika Suratul Baqara, ya 280, inayosema mdaiwa akiwa katika shida apewe muda mpaka afarijike, na kusamehe ni bora zaidi. Kusamehe ni hiari yako. Mwenye watoto watatu na madeni yake simlazimishi.

Sasa tuje kwenye maneno.

"Si angeuza ile nyumba?" Neno hili nimelisikia miaka mingi, na kila mara linasemwa na mtu ambaye nyumba yake haijawahi kupigwa mnada. Nikupe mfano wa mbali kwanza, ambapo nyumba za kuuza zilikuwepo tele. Ujerumani kulikuwa na tajiri aliyeitwa Adolf Merckle. Mwaka 2008 jarida la Forbes lilimhesabia mali ya dola bilioni 9.2. Alikuwa na kiwanda cha dawa cha Ratiopharm na fungu kubwa la hisa za HeidelbergCement, hao hao wenye sehemu kubwa ya kiwanda cha Wazo Hill kinachotoa saruji ya Twiga. Pengine ukuta wa duka lako una mkono wake. Vuli ya mwaka ule aliweka pesa akibashiri kwamba hisa za Volkswagen zitashuka. Zikapanda ghafla, akapoteza mamia ya mamilioni ya euro, na huku kampuni zake zina madeni makubwa na mabenki yanabana. Januari 5, 2009, akiwa na miaka 74, akajiua.

Kule nako walisema. Uroho, wakasema, kamari. Wakasema hata baada ya hasara ile bado alikuwa tajiri kuliko watakavyokuwa wao na wajukuu zao. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa, na halikumsaidia kitu. Familia yake ilieleza kwamba mtikisiko wa fedha, wasiwasi wa wiki zile za mwisho na kuona hana la kufanya ndivyo vilivyomvunja. Tena siku chache baada ya kifo chake ikatangazwa kwamba mabenki yamekubaliana na kampuni zake juu ya mkopo wa muda wa kuvukia shida. Siku chache tu, mwanangu. Mlango aliouona umefungwa haukuwa umefungwa. Mtu akifika pale alipofika yeye, macho yake hayaoni tena milango, na hapo ndipo anapohitaji mtu mwingine wa kumwonea.

Na hao wanaosema "mbona sisi maskini hatujiui", waambie si kweli. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa hivyo kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Maskini naye hujiua. Tofauti ni kwamba yeye hatumjadili kahawani wiki nzima.

Ya majini sitayajibu. Tangu mdogo nimeyasikia yakisemwa juu ya kila mtu aliyejenga ghorofa mjini hapa.

Nikusimulie la nyumbani kwangu, ambalo sijawahi kuliandika kwenye ukurasa huu.

Marehemu mume wangu alikuwa na Fuso mbili. Alibeba marobota ya mkonge kutoka Korogwe na Muheza mpaka bandarini. Mwaka 1998 moja lilipinduka karibu na Segera, la pili likaua injini kabla mwaka haujaisha, na nyumba yetu ilikuwa dhamana benki. Dalali alileta gari la matangazo mtaani siku tatu mfululizo, saa nne asubuhi. Kipaza sauti kikataja majina yake yote matatu, namba ya kiwanja, vyumba vitano, kisima ndani. Watoto walilifuata wakipiga kelele kama vile limeleta sinema. Majirani walikuja kutazama vyumba, na wengine nilikuwa nimewapikia pilau mwezi mmoja kabla. Mmoja aligonga ukuta wa chumba changu kwa kidole kusikiliza kama tofali ni zima.

Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanzu ya kutokea amevaa, hatoki. Ijumaa zikapita tatu hajaenda msikitini. Simu ya mezani ikilia anatazama ukuta. Mimi nilidhani ni huzuni ya nyumba, itapita. Kisha jioni moja nikamwona anafungua saa yake ya mkono, ile aliyonunua kwa mzigo wake wa kwanza. Akaifuta kwa upindo wa kanzu, polepole, upande huu na upande huu, akampa mpwa wake wa miaka kumi na mbili. "Chukua. Mimi sina kazi nayo tena."

Nilihisi baridi mgongoni. Mtu anayegawa kitu chake kipenzi bila sababu, anayeaga bila safari, anayesema nyinyi mtapumzika bila mimi, huyo hana tu huzuni ya nyumba. Usiku ule nilimuuliza kwa maneno yale yale, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Watu huogopa swali hili, wanadhani utamtia mtu wazo. Wazo lilikuwa limeshamwingia, na mimi nilimpa nafasi ya kulitoa. Alilia mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilikwenda kwa rafiki yake, muuza spea wa barabara ya 12. Mume wangu alikuwa anadaiwa naye laki tisa, na kwa sababu hiyo alikuwa anapita uchochoro wa nyuma asikutane naye. Nilimwambia yote. Baada ya magharibi akaja na boksi la dhumna kwapani. Mume wangu kumwona akaanza kutetemeka. Yule bwana akavua viatu, akakaa mkekani, akasema, "Nimekuja kwa deni langu. Nataka elfu kumi kila mwezi. Hesabu, ni miezi tisini. Miezi tisini hiyo nakuhitaji."

Wakacheza dhumna mpaka saa nne, hawakuzungumza mengine. Kesho akaja tena. Alikuja karibu kila jioni kwa mwaka mzima. Nyumba iliuzwa, tukapanga vyumba viwili Mabawa, mume wangu akawa karani wa stoo ya mtu. Laki tisa ile ililipwa mpaka elfu kumi ya mwisho. Alifariki mwaka 2013 kwa maradhi ya moyo, kitandani kwake, mkono wake ndani ya wangu.

Ndiyo maana nakwambia aliyefilisika hafi kwa kukosa pesa peke yake. Tuliishi vyumba viwili kwa dagaa na mchicha na hatukufa. Kilichokuwa kinamuua mume wangu kilikuwa kile kipaza sauti, na ule uchochoro wa nyuma, na kudhani kwamba kila anayemdai anatamani asiwepo. Tajiri wenu wa Raskazone alilisha watu kila Ramadhani. Aliyezoea kutoa hajui kuomba, hakufundishwa. Walipokuja kuchukua lori la kwanza, ni nani katika waliokula tende zake aliyekwenda kukaa naye jioni moja? Sikuulizi wewe peke yako, naiuliza Tanga nzima.

Na ile sentensi ya kahawani marehemu haisikii. Anayeisikia ni mwingine, amekaa benchi hilo hilo na kikombe mkononi, ana barua ya benki mfukoni ambayo hata mkewe hajaiona. Mkicheka, anacheka nanyi. Halafu anajua tayari atasemwaje, na anajua pia kwamba hapo si mahali pa kufungua mdomo. Sheria nayo inamzibia, maana kwetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na watu huficha hata pale wanapotakiwa kukimbilia daktari. Wenzetu ng'ambo ya Horohoro wameanza kulitazama upya. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba yao. Natamani hapa nako tulizungumze.

Kuna aliyesema asiswaliwe? Kwenye misiba ya aina hii hakosekani. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanasema huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama Mwislamu mwingine. Kujiua ni haramu, Qur'ani imekataza waziwazi katika Suratun Nisaa. Lakini aya ile ile inamalizia kwa kututajia rehema ya Mungu.

Sasa nirudi kwako, maana kuna kitu umekiandika harakaharaka katikati ya mambo ya watu. Umesema silali. Umesema na mimi nadaiwa. Wewe ni mjane na watoto watatu, na umemwona mtu mwenye malori ameshindwa. Nakuuliza kama nilivyomuuliza mume wangu: umewahi kufikiri kwamba ni bora usiwepo? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, hata usiku tu, usingoje jibu langu jingine. Leo mwambie ndugu yako mmoja unayemwamini, umwombe alale kwako, na kesho mwende pamoja hospitali ya Bombo, mwombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ni ugonjwa kama malaria, una tiba na una watu waliousomea. Na kama jibu ni hapana, bado nenda kwa wanaokudai wewe kabla hawajakufuata. Mwambie kila mmoja unaweza kiasi gani kwa mwezi, hata kama ni kidogo cha kukutia aibu. Usianze kupita uchochoro wa nyuma.

Binti. Hapa utaumia kidogo, na huna budi. Usimtume mwanao na salamu, na usimpelekee zawadi kubwa, atadhani unanunua. Nenda mwenyewe siku ambayo hakuna wageni, baada ya alasiri. Msalimie mama yake kwanza. Binti akitoka, mwambie, "Siku ile nilisema neno baya juu ya baba yako, na ulilisikia. Lilikuwa baya na halikuwa kweli. Nisamehe." Usieleze kwamba ulikuwa na uchungu wa hela. Usimwambie baba yake alikuwa mtu mzuri ila. Hilo ila liache kabisa. Anaweza asikujibu, anaweza akaondoka tena kama siku ile. Mwache. Muulize mama yake kama ada ya muhula imepatikana, na kama wana mtu wa kuwasindikiza mahakamani.

Wiki ya pili nenda tena. Chukua nazi mbili, kaa jikoni, mkune pamoja. Daftari liache nyumbani siku hiyo.