Ukienda Chamonix, Usiuache Mlima Uwe wa Mwisho

Nimefika Chamonix, mji wa milimani nchini Ufaransa, mara mbili, na tofauti ya safari hizo haikutokana na fedha wala wingi wa siku, bali na namna nilivyozipanga siku zenyewe. Mara ya kwanza niliiweka safari ya kupanda Aiguille du Midi, kilele kilicho juu ya mji, siku ya mwisho, nikiamini kwamba kilicho bora huwekwa akiba. Siku hiyo upepo ulivuma kileleni tangu alfajiri, gari la kebo, yaani chumba kinachobebwa angani kwa waya, halikutoka kituoni, nami nikaondoka Ufaransa bila kuuona kwa karibu mlima ulionipeleka huko. Mara ya pili nilipanda asubuhi ya kwanza anga ilipokuwa safi, na mengine yote yakafuata. Ushauri wangu kwa anayekusudia kwenda huko umesimama juu ya jambo hilo moja: siku ya anga safi ni ya kupanda juu, siku ya mawingu ni ya kubaki bondeni.

Mji uko kwenye kimo cha mita 1,035, katika bonde jembamba lililobanwa kati ya safu ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, na safu ya Aiguilles Rouges. Hapa ndipo ilipofanyika michezo ya mwaka 1924 ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, lakini sifa ya mji ni kongwe kuliko hiyo. Tarehe 8 Agosti 1786, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard walifika kilele cha Mont Blanc, watu wa kwanza kufanya hivyo. Katikati ya mji utaona sanamu ya Balmat akimwonyesha mwanasayansi Saussure kilele kile. Paccard, aliyepanda bega kwa bega na Balmat, alipata sanamu yake karibu karne nzima baadaye. Naomba uitafute na hiyo, kwani ni haki yake.

Sasa nirudi kwenye Aiguille du Midi, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hukosea. Gari la kebo, lililofunguliwa mwaka 1955, hukutoa mjini na kukufikisha kwenye kituo cha juu kwa takriban dakika ishirini, likisimama mara moja tu njiani, na roshani ya juu kabisa ya kituo hicho iko mita 3,842. Mwili haukuumbwa kupanda karibu mita 2,800 kwa muda huo. Oksijeni unayoivuta kule juu ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na nilipozikimbilia ngazi kwa furaha nilipatwa na kizunguzungu kilichonilazimu kukaa chini. Tembea polepole, kunywa maji, na ukiumwa kichwa shuka bila kusubiri. Watoto walio chini ya miaka 3 hawaruhusiwi kupanda, na mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kununua tiketi. Vaa kama unayekwenda kukaa nje usiku kucha, hata kama mjini kuna jua, na usisahau miwani ya giza, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji huumiza macho kwa muda mfupi sana.

Kabla ya kulala, na tena unapoamka, tazama picha za kamera zilizowekwa vileleni, ambazo huonyeshwa mtandaoni. Usiihukumu siku kwa kuchungulia dirishani. Nimeona bonde zima likiwa limefunikwa na ukungu mzito huku kileleni jua likiwaka juu ya bahari ya mawingu. Nimeona pia bonde likiwa na jua tupu wakati upepo wa juu umefunga kila kitu. Katika msimu wa watu wengi utahitaji kuweka nafasi ya saa maalumu, basi uiweke mapema katika siku zako za mwanzo, ili mlima ukikataa ubaki na siku nyingine za kujaribu.

Siku ambayo si mbaya wala si nzuri sana, panda treni ndogo nyekundu ya Montenvers, ambayo hushika reli yenye meno na kufika mita 1,913, juu ya Mer de Glace, mto wa barafu. Mahali hapa paliniumiza moyo kuliko nilivyotarajia. Katika njia ya kushukia kuna vibao vyenye miaka, kila kimoja kikionyesha barafu ilikuwa imefika wapi wakati huo, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoelewa kwa miguu yako mwenyewe ni kiasi gani kimeyeyuka katika umri wa mtu mmoja. Tenga nusu siku nzima.

Kuhusu kuteleza kwenye theluji, niseme wazi kwamba Chamonix si rahisi kwa anayeanza. Viwanja vyake vimetawanyika bondeni na vingi havijaunganishwa, na miteremko mingi inayosifiwa ni ya wazoefu. Hata hivyo, Le Tour na Les Planards vina sehemu tulivu za wanafunzi. Lipia mwalimu kwa siku mbili za kwanza, na ubaki kwenye miteremko yenye alama za kijani na za buluu, ambayo ndiyo rahisi. Nyekundu na nyeusi, zilizo ngumu, zisubiri. Viatu vya kutelezea uvikodi jioni ya kuamkia siku ya somo, uvijaribu bila haraka, na uvae soksi jozi moja tu. Mimi nilivaa mbili nikitafuta joto, zikabana damu, na miguu ikawa baridi zaidi. Vallée Blanche, mteremko wa kilomita kama 20 unaoanzia Aiguille du Midi, una nyufa zilizofichwa na theluji; usiuguse bila kiongozi wa mlima, hata kama marafiki wanakuhimiza. Hakikisha pia bima yako inataja michezo ya theluji na uokoaji, maana ukiumia mteremkoni unaweza kudaiwa gharama za kuteremshwa.

Mwenyeji wako atakupa kadi ya mgeni inayokuwezesha kupanda mabasi na treni za bondeni bila malipo, hivyo gari la kukodi halina maana. Kwa asiyekula nguruwe, tartiflette, chakula cha viazi na jibini, huwekwa vipande vya nyama hiyo, na fondue ya huko, jibini iliyoyeyushwa, hupikwa kwa divai; uliza kabla ya kuagiza. Siku ya mawingu mazito, vuka kwa basi handaki la kilomita 11.6 linalopita chini ya mlima hadi mji wa Courmayeur, Italia, ukiwa na pasipoti mfukoni.

Mwezi wa kwenda ningechagua Januari baada ya sikukuu, au katikati ya Machi. Februari shule za Ufaransa huwa likizoni na foleni huwa ndefu, na Novemba magari mengi ya kebo husimamishwa kwa matengenezo, hata kama anga ni safi.