Ahadi za gavana hufuatiliwa wapi

Unauliza kama gavana hapa Kenya anaweza kushtakiwa kwa kuvunja ahadi za kampeni? La, ndugu, manifesto haimfungi gavana kisheria, kwa hivyo kumshtaki kwa kuvunja ahadi ya jukwaani ni kazi bure. Kinachomshika ni CIDP, ule mpango wa kaunti wa miaka 5. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango iliyopitishwa na bunge la kaunti. Ikiwa maji ya Kisauni, kule Mombasa, yaliimbwa kwenye kampeni lakini hayamo kwenye CIDP ya 2023–2027, basi yalibaki hukohuko jukwaani.

Yakiwemo, fungua ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinazotoka kila robo mwaka, tafuta Mombasa, kisha ushuke hadi jedwali la idara. Ruka mishahara. Angalia safu ya maendeleo: kilichotengwa na kilichotumika. Hapo ndipo utajua nani anatania watu. Ila pesa kutumika si maji kutoka mferejini. Hiyo uangalie mwenyewe mtaani, au usome ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ingawa huja kwa kuchelewa.

Ukikosa hati, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi uliyoiandikia ina siku 21 kukujibu.

Na feri ya Likoni na bandari msimuulize gavana, hata kama yeye mwenyewe aliziahidi. Hizo ni za serikali kuu.