Beringi ya nyuma ya Kirikuu imegoma kutoka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Kirikuu, Suzuki Carry, niliyoinunua kwa mfanyabiashara wa kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Gurudumu la nyuma kushoto lilianza kuvuma, na kila nikiongeza mwendo mvumo unaongezeka. Nimetoa dramu, nimefungua nati nne zinazoshika bamba la breki, nimegonga siku mbili na shafti haijasogea hata kidogo. Jirani yangu ana mtungi wa gesi, anasema tuichome. Kazi naifanyia nyumbani, Mabatini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Jirani mshukuru, lakini mtungi arudishe ndani. Nitakueleza sababu nikifika kwenye shafti yenyewe.

Kwanza nataka nijue gari limesimamaje. Mabatini ni mlimani, na uwanja ulio sawa ni wa kutafuta. Breki ya mkono ya Kirikuu inashika magurudumu ya nyuma, na wewe la kushoto umeshalifungua. Gia nayo isikudanganye: gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu, zile gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaruhusu gari kutembea hata likiwa kwenye gia. Kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, yote mawili. Mawe Mwanza hayajawahi kupungua. Ila chini ya aksoli, lile bomba la chuma ambalo shafti imo ndani yake, usiweke jiwe, weka stendi ya chuma. Jiwe hupasuka bila kukupa dalili.

Sasa hiyo beringi. Ukitaja kayabo umeshaniambia nusu ya ugonjwa. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, lakini samaki wa kayabo anachuruzika maji ya chumvi kutoka kwenye bodi mpaka kwenye aksoli, safari baada ya safari. Ringi ya nje ya beringi imeshikana kwa kutu na tundu la mwisho wa aksoli, na hapo ndipo panapokukatalia. Kule ndani kwenye difu shafti imeingia kwenye meno tu, haijafungwa na kitu. Kwa hiyo usigonge kuelekea ndani, na usigonge vichwa vya stadi, zile boliti za kufungia gurudumu, utaziharibu bure.

Changanya oili ya gia otomatiki na mafuta ya taa, kiasi sawa. Pitisha kwenye ule mwanya kati ya bamba la breki na mwisho wa aksoli, kidogo kidogo, jioni, asubuhi, na jioni tena. Toa breki shuu kwanza, maana zikinywa mafuta hazifai tena. Siku ya pili chemsha birika la maji, zungushia kitambaa kizito mwisho wa aksoli, umimine taratibu. Unaweza kuona ni mchezo wa watoto, lakini chuma chenye kipenyo cha milimita 60 kikiongezewa joto la nyuzi 70 kinatanuka milimita 0.05 hivi. Kutu iliyokaa mle haihitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo ili ianze kuachia. Maji yanayochemka hayaunguzi oili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, wala hayalipui tangi la petroli lililo jirani na hapo.

Wakati mwisho wa aksoli bado una moto, chukua dramu yako uigeuze, mgongo uangalie ndani, uivishe kwenye stadi, kisha ufunge nati za gurudumu kwa mizunguko michache tu, zishike lakini dramu ibaki inacheza. Shika dramu kwa mikono miwili, isukume ndani kisha ivute nje kwa nguvu igonge nati. Rudia. Uzito wa dramu ndio nyundo yako, na unavuta sawasawa pande zote. Mara ya kumi, ya ishirini, utasikia mlio umebadilika, kutoka mlio mkavu wa chuma kwa chuma kuwa mlio mzito. Hapo imeachia. Inua upande wa kushoto zaidi ya kulia ili oili ya difu ikimbilie upande wa pili, na beseni iwe chini. Oili itakayomwagika isiende mtaroni, maana mitaro yetu mwisho wake ni ziwani.

Shafti ikiwa nje utaona beringi, na kwa upande wa ndani yake pete nene ya chuma iliyobanwa kwenye shafti. Hiyo pete ndiyo inayozuia beringi isitoke, na beringi ndiyo inayozuia shafti isitoke, na shafti ndiyo imebeba gurudumu. Nilipokuwa kijana kama wewe niliwahi kuichoma pete hiyo kwa gesi kwenye gari la mteja. Ilitoka vizuri, nikafurahi. Baada ya wiki chache shafti ile ikakatika akiwa njiani, gurudumu likatoka na shafti yake likaingia shambani. Mungu alisaidia hapakuwa na mtu. Shafti imepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa mtungi unaondoa ugumu huo. Ndiyo maana nimekataa gesi.

Fanya hivi. Bana shafti kwenye vaisi, vaa miwani. Kwa grainda, saga pete sehemu mbili zinazotazamana mpaka ibaki nyembamba kama ganda la yai, lakini jiwe la grainda lisiguse shafti hata mara moja. Mkwaruzo mmoja ni mahali ufa utakapoanzia, na ukiwa pale inapolala oili sili, oili itapita kila siku. Acha unene kidogo, kisha piga kwa tindo pale ulipopasaga. Pete itapasuka na kulegea yenyewe.

Beringi ikiwa bado imegoma, vunja kizimba cha gololi, zisogeze gololi zote upande mmoja, ringi ya nje itainama na kutoka. Inabaki ringi ya ndani: isage na kuipiga vilevile kama pete. Chuma cha beringi ni kigumu na hutoa vipande vinavyoruka kama risasi, kwa hiyo watoto wakae mbali. Mkono ukitetemeka, ipeleke shafti kwenye karakana yenye presi. Hiyo si aibu, na ni nafuu kuliko kununua shafti.

Kuvalisha mpya: kagua kwanza tundu la aksoli kwa ukucha. Ukikuta mashimo ya kutu au mng'aro wa kitu kilichokuwa kinazunguka mle, beringi mpya haitakaa, nitafute kabla hujanunua. Pakiwa pazuri, funga oili sili mpya na pete mpya. Ile ya zamani hairudi hata kama ungeitoa nzima. Sukuma beringi kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani peke yake. Ukigonga ya nje, gololi zinachimba njia zao, na itaanza kuvuma kabla hujafika Igoma.

Gari likishashuka, endesha kilomita kumi, simama, weka kiganja karibu na dramu. Uvuguvugu ni sawa. Isipogusika, rudi nyumbani polepole ufungue. Kisha inua na gurudumu la kulia ulizungushe kwa mkono huku mwingine ukiwa juu ya bamba la breki. Ukisikia mkwaruzo kiganjani, agiza beringi ya pili kabisa, maana upande ule nao umekunywa chumvi ileile.