Ukitaka Kazi Makumbusho ya Safari za Ncha za Dunia, Anza na Kitu Kimoja

Wiki iliyopita mwanafunzi wa jiolojia aliyeko Dodoma aliniandikia: "Dada, mtu wa kwetu anapenyaje kwenye makumbusho ya safari za ncha za dunia?" Nimefurahi kuulizwa hivyo kwa heshima. Kwenye usaili wangu wa kwanza hapa Uingereza, mmoja wa waliokaa mezani alitaka nimweleze Waafrika na barafu wapi na wapi. Kazi sikupata, na swali lile linaniuma hadi leo.

Jibu la swali lile ni mawe. Mwingereza Kapteni Robert Scott na wenzake wanne walifika Ncha ya Kusini Januari 17, 1912, wakakuta Amundsen wa Norwei amewatangulia kwa zaidi ya mwezi. Wakati wa kurudi, wakiwa na njaa na wakiburuta wenyewe sleji yao, gari la kuteleza juu ya barafu, walisimama kando ya mto wa barafu wa Beardmore kuokota mawe. Edward Wilson aliona alama za majani kwenye baadhi yake. Mzigo ule wa kilo 16 hivi hawakuutupa. Watatu waliobaki hai waliuvuta mpaka hema la mwisho, wakafia humo. Novemba, waliotumwa kuwatafuta walikuta miili, shajara na mawe. Visukuku hivyo, yaani mabaki ya mimea ya kale yaliyogeuka mawe, sasa vimehifadhiwa Natural History Museum, London.

Majani yale ni ya Glossopteris, mmea uliokwisha kutoweka. Visukuku vyake vimepatikana India, Afrika Kusini, na kwetu Tanzania pia, katika miamba yenye makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu. Zamani hizo Antaktika, bara lenye Ncha ya Kusini, na Afrika zilikuwa zimeungana katika bara moja, Gondwana. Barafu ile imelala juu ya ardhi iliyokuwa jirani yetu!

Hayo ndiyo niliyoyasimulia kwenye usaili uliofuata, mahali pengine, na mwaka huu naongoza wageni. Najivunia sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chagua kitu kimoja ukijue kuliko anayekuzuia mlangoni. Wengi hukimbilia meli za safari hizo: Fram kule Oslo, Discovery kule Dundee. Wanapiga picha, wanaondoka. Wewe kaa na kitu chako. Vijana wetu tuache kusubiri kukaribishwa. Elimu hii ni yetu pia, na anayeijua kwa undani hahitaji kuomba radhi kwa kuwepo.

Tena usianze na nauli ya Ulaya. Nenda Ruhuhu kwanza na mwalimu wako, chora tabaka za miamba, andika ulichokiona na mahali pake. Katalogi ya makumbusho ya Cambridge, yaliyo ndani ya taasisi iliyoanzishwa 1920 kumkumbuka Scott, unaweza kuisoma mtandaoni. Ukiwaandikia wahifadhi, popote pale, taja kitu unachokitaka kwa namba yake, kwa sababu vingi viko ghalani, kisha ambatanisha kurasa za daftari lako la Ruhuhu.