Kwa mwalimu mpya wa ujasiriamali: anza na mwongozo wa kusahihisha

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha ujasiriamali, kabla hujatafuta mbinu za kuchangamsha darasa, chukua mwongozo wako wa kusahihisha uusome taratibu. Falsafa yako imo humo, hata kama hujawahi kuitamka. Ukiweka nusu ya alama kwenye mpango wa biashara wenye makisio ya mauzo ya miaka mitano, umeshawaambia wanafunzi kwamba kesho inakadirika, na hodari ni anayekadiria vizuri.

Je, unaliamini hilo? Mwanauchumi Richard Cantillon, ambaye andiko lake kuhusu biashara lilichapishwa mwaka 1755, alimwona mjasiriamali kuwa mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Mwaka 1921 mwanauchumi Frank Knight alitenganisha mambo mawili: hatari inayopimika kwa hesabu, ambayo mtu anaweza kuikatia bima, na mashaka yasiyopimika. Faida ya mjasiriamali, alisema, inatokana na hayo ya pili. Sasa jedwali la mauzo ya mwaka wa tano unalipa alama za nini? Kwangu hizo ni hadithi za kubuni zenye tarakimu.

Swali linalogawa walimu ni hili: fursa hugunduliwa au huundwa? Kwa mwanauchumi Israel Kirzner, fursa ipo tayari, inamngoja mwenye macho. Ukimfuata, mazoezi yako yatakuwa ya kuangalia: watume wanafunzi wakalinganishe bei, wakaulize watu wanakerwa na nini. Mtafiti wa ujasiriamali Saras Sarasvathy, katika makala yake ya mwaka 2001, alieleza njia nyingine. Mjasiriamali mzoefu huanza na alichonacho: yeye ni nani, anajua nini, anamfahamu nani. Huamua hasara anayoweza kuimudu, na lengo hujitokeza njiani. Hapo humwulizi tena mwanafunzi wazo lake ni lipi. Unamwuliza ana nini mkononi na nani atakubali kuungana naye. Kwa wanaoanza bila mtaji mimi naegemea huku, ingawa kusahihisha kunachosha, kwani kila mmoja huishia mahali pake.

Jihadhari pia na sifa za kujifunza kwa vitendo. Jina la mwanafalsafa wa elimu John Dewey hupachikwa kwenye kila mtaala wa namna hiyo, lakini mwaka 1938 yeye mwenyewe alionya kwamba si kila uzoefu unaelimisha. Mwingine huelimisha vibaya. Kuuza bidhaa wiki nzima bila kukaa kuulizana kwa nini jana watu walinunua na leo wakapita tu ni kazi, bado haijawa somo. Kabla hawajatoka, kila mmoja aandike anachotarajia. Asipoandika, akirudi atadai alijua tangu mwanzo, tena kwa dhati kabisa.

Maadili usiyasukumie wiki ya mwisho. Katika kila mfano uliza: jambo hili likiharibika, hasara anaibeba nani?

Na biashara ya mwanafunzi ikifa katikati ya muhula, usimkate alama kwa sababu hiyo. Angalia aliziona dalili lini, alibadilisha nini, na kama wale waliomkopesha walisikia habari hizo kutoka kwake mapema.