Zoezi la kupumua linapokuletea kizunguzungu

Pole, dada. Umeuliza kwa nini moyo ukienda mbio usiku na ukajaribu zoezi la kupumua, unapata kizunguzungu na ganzi vidoleni badala ya kutulia. Kwa maelezo yako, unavuta hewa nyingi mno. Ukipumua kwa nguvu na haraka, kabonidayoksaidi (hewa tunayoitoa tukipumua) hupungua kwenye damu, ndipo ganzi inapoanza, na wasiwasi nao unapanda.

Kaa ukiegemea ukuta, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa puani polepole ukihesabu hadi 4. Mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa ukihesabu hadi 6, midomo umeibana kama unapuliza chai ya moto. Usijaze kifua wala kubana pumzi. Dakika 5 zinatosha. Ikikushinda, anza kwa kuvuta hadi 3 na kutoa hadi 4. Jizoeze mchana ukiwa umetulia, maana zoezi geni halishikiki katikati ya hofu.

Na mchaichai uliotaja, kunywa tu, hauna kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye majani ya chai. Ila ukiuchemsha pamoja na majani ya chai, kama wengi tufanyavyo, usingizi utakukimbia. Kifua kikibana au ukizimia, achana na mitishamba, wahi hospitali.