Zuhura, ukurasa wa mwezi wa nne uko wapi?

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umesema kliniki ya homoni za watoto na vijana wamekupa nafasi, na kwamba sehemu ya wagonjwa wao ni vijana waliobadili jinsia au wanaotaka kuibadili. Ukauliza: "Mama, nikikosea, baraza la madaktari litanihukumu kwa kosa langu, au kwa sababu ya mgonjwa niliyekubali kumtibu?" Mwishoni ukadokeza kwamba wenzako wawili wameikataa kazi hiyohiyo.

Nitakujibu, ila nianze na jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka ulioanza darasa la kwanza, mama yako aliitwa mbele ya jopo la nidhamu. Nilikuwa nimempokea mtoto mwenye ugonjwa wa figo, amevimba uso hadi macho hayaonekani. Nikamwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo ikitumika kwa muda mrefu huweza kudhoofisha mifupa, na uvimbe ukashuka, nyumba nzima ikanishukuru. Tatizo lake lilikuwa likirudi kila nilipopunguza dozi, basi nikawa naandika upya karatasi ya dawa, mwezi baada ya mwezi, mara nyingine mtoto mwenyewe sijamwona. Sikupima urefu wake wala sikumpeleka kwa daktari wa macho, na mifupa hata sikuikumbuka. Siku moja aliletwa analia mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea.

Nilikwenda mbele ya jopo na bahasha nene ya hoja za kueleza kwa nini nilichagua dawa ile. Hakuna aliyeniuliza. Dawa ilikuwa sahihi, na wao walilijua hilo kabla sijaketi. Mwenyekiti, mzee mpole kabisa, alifungua jalada, akapekua, akaniuliza, "Daktari, ukurasa wa mwezi wa nne uko wapi?" Haukuwepo. Wala wa tano haukuwepo. Nikapewa onyo, na mwaka mzima nikafanya kazi chini ya usimamizi wa mtu niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe.

Nimekueleza haya kwa sababu tangu uandike nimekuwa nikisoma maamuzi yaliyotolewa Uingereza kuhusu madaktari wa vijana hawa, na ndani yake naliona jalada langu. Mtu akisikia "daktari aadhibiwa kwa kumpa kijana homoni" hudhani jopo lilikaa likaamua kama kubadili jinsia ni halali au haramu. Jopo lilikaa likatafuta kurasa.

Chukua kesi iliyozungumzwa kuliko zote, ya daktari wa familia wa Wales aliyekuwa akiwahudumia vijana kupitia intaneti. Baraza lao lilimfungulia mashtaka mengi, na sehemu kubwa haikuthibitika. Yaliyothibitika mwaka 2022 yalikuwa ya aina unayoifahamu: kwamba wagonjwa wawili waliopewa testosteroni, homoni ya kiume, hawakufuatiliwa ipasavyo baadaye, na kwamba mwingine alipewa dawa ya kusimamisha balehe bila mazungumzo ya kutosha kuhusu uwezo wake wa kuzaa siku za usoni. Akasimamishwa miezi miwili. Machi 2023 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo. Jina lake limeshaandikwa vya kutosha, halihitaji na mimi nilitaje. Nataka uone mambo mawili tu: jopo linaweza kukosea, na lipo jicho jingine juu yake.

Mwaka huohuo wa 2022 daktari mwingine wa huduma hiyo alifutwa kabisa kwenye rejista. Yeye alikuwa bingwa wa magonjwa ya tumbo, na miongoni mwa wagonjwa wake alikuwemo mtoto wa miaka tisa. Hapa sina huruma nyingi. Kanuni ya kutotoka nje ya ujuzi wako ni ya zamani kuliko mjadala wote huu. Mimi nisingekubali fundi wa tumbo aniguse jicho, na jicho halina upinzani wowote wa kisiasa. Halafu kuna hilo la kutibu kwa mbali. Sisemi haliwezekani, maana kipindi cha Uviko sote tulifanya hivyo. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana aliye upande wa pili wa skrini humpimi shinikizo la damu, na huoni kwamba tangu aingie hajamtazama mama yake usoni.

Uliuliza pia jopo lenyewe hufanya kazi vipi, maana mnafundishwa dawa miaka sita na hili nusu saa. Kwa Waingereza, baraza, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1858, ndilo linalochunguza na kushtaki, na tangu 2012 wanaosikiliza ni chombo kilichotengwa kidogo, kilichopo Manchester. Tangu 2008 hawahitaji uthibitisho usioacha shaka kama wa jinai; inatosha kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Wakishaona ukweli wanajiuliza kama wewe wa leo, si wewe wa siku ile, bado ni hatari kwa wagonjwa. Ndiyo sababu anayekiri mapema na kuonyesha alichojifunza mara nyingi hutoka salama kuliko anayepigana hadi mwisho. Wanaweza kukuwekea masharti, kukusimamisha hadi miezi kumi na miwili, au kukufuta, na aliyefutwa hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka mitano. Kwa maneno yao, lengo ni kuwalinda wagonjwa, si kukuadhibu. Aliyeketi kwenye kiti kile atakwambia tofauti hiyo ni nyembamba.

Sasa nije kwenye kinachokutisha hasa. Zipo sehemu ambako jibu la swali lako ni "kwa sababu ya mgonjwa." Texas, jimbo la Marekani, wana sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2023: daktari akimpa aliye chini ya miaka 18 dawa za kusimamisha balehe au homoni kwa nia ya kubadili jinsia, bodi ya madaktari inatakiwa kumnyang'anya leseni. Hapo ukiwa na kurasa zote, za mwezi wa nne na wa tano na wa kila mwezi, hazikusaidii. Mwaka 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo akaanza kuwapeleka madaktari mahakamani. Unaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, lakini usiiite nidhamu ya taaluma. Hilo ni katazo, na anayelivunja anavunja sheria hata kama mgonjwa wake ameshiba, amelala na anacheka. Uingereza nao, Mei 2024, walizuia dawa za kusimamisha balehe kuandikwa na watoa huduma binafsi kwa vijana wapya, na Desemba wakalifanya zuio lisilo na mwisho uliotajwa. Dawa zilezile bado wanampa mtoto aliyebalehe kabla ya wakati. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wowote, jua sheria ya mahali utakapofanyia kazi inasema nini, maana huwezi kumwambia jopo kwamba hukusoma.

Mahali ambapo matibabu yanaruhusiwa, kinachowaangusha madaktari ni kidogo kuliko unavyodhani, na kinajirudia. Kubwa ni ridhaa. Mwaka 1985 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe iwapo anayaelewa kwa kina. Mwaka 2015, katika kesi ya mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa kwamba bega la mwanawe linaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, mahakama yao ya juu ikasema mgonjwa ana haki ya kuambiwa hatari ambayo mtu wa hali yake angeitilia maanani, hata kama daktari anaona si kitu. Ziweke hukumu hizo mbili juu ya meza moja. Mbele yako amekaa kijana wa miaka kumi na minne anayetaka dawa leo. Unatakiwa umweleze kwamba huenda siku moja akataka mtoto na asiweze, na umweleze mpaka ujue ameelewa, ilhali katika umri ule kupata mtoto ni habari ya watu wazima wanaonuka sigara. Hilo si la dakika kumi. Wala si la kikao kimoja.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi madaktari methali hiyo hatuna ruhusa nayo. Lakini pia, mwanangu, hatuna ruhusa ya kumpa kisogo mtoto anayelia kwa sababu tu kilio chake kinatuletea maneno.

Halafu mifupa. (Unajua kwa nini naing'ang'ania.) Dawa za kusimamisha balehe zinazuia homoni zinazoimarisha mifupa katika miaka ambayo mifupa ingekuwa inajijenga kwa kasi. Mwaka 2021 televisheni ya Sweden ilitangaza habari za kijana aliyekaa kwenye dawa hizo zaidi ya miaka minne, mifupa ikadhoofika, mgongo ukamuuma, na kipimo cha mifupa hakikuwa kimefanywa kwa wakati. Nilipoisoma niliweka simu chini nikatoka nje. Miezi kadhaa kabla ya kipindi hicho hospitali ya Karolinska ilikuwa imeshatangaza kwamba haitaanzisha dawa hizo kwa wagonjwa wapya nje ya utafiti.

Waswidi wana jambo moja ninalowasifia. Mwaka 1936, katika hospitali ya Maria jijini Stockholm, wagonjwa wanne walifariki baada ya kudungwa dawa ya kuua vijidudu mahali pa dawa ya ganzi. Ikazaliwa kanuni inayoitwa Lex Maria hadi leo: hospitali yenyewe inalazimika kuripoti madhara makubwa iliyoyasababisha. Na tangu 2011 waliacha kuwapa madaktari maonyo ya kinidhamu, wakabakiza usimamizi wa muda na kunyang'anya leseni kwa walio hatari kweli. Fikra yao ni kwamba ukimtafuta mtu wa kumlaumu, wenzake wote wanajifunza kuficha. Sijui kama ningepona kwa mfumo wao. Pengine ningeripoti mwenyewe mwezi wa tatu.

Kwa nini nakutoa Uingereza nakupeleka Sweden? Kwa sababu mtindo wa kumsaka daktari mmoja una upofu wake, na upofu huo unawaumiza vijana hawa kuliko wagonjwa wengine. Kliniki kuu ya vijana hawa nchini Uingereza, ya Tavistock jijini London, ilikuwa ikipokea rufaa kama 250 kwa mwaka mnamo 2011. Miaka kumi baadaye zilipita 5,000. Januari 2021 wakaguzi wa afya waliipa daraja la chini kabisa, na moja ya sababu ilikuwa foleni: kijana akisubiri miaka miwili na zaidi kuonwa mara ya kwanza. Aprili 2024 daktari wa watoto Hilary Cass alitoa ripoti yake kuhusu huduma hizi: ushahidi wa faida za dawa hizi ni dhaifu, na vijana wengi walikuwa na mambo mengine, kama usonji au sonona, ambayo hayakuwa yakitazamwa ipasavyo. Kliniki ilikuwa imeshafungwa mwishoni mwa mwezi uliotangulia. Sasa niambie, kijana aliyesubiri tangu ana miaka kumi na tatu hadi kumi na sita, balehe ikapita, usiku halali, amshtaki nani? Foleni haina namba ya usajili. Na daktari aliyekataa kumwona kwa kuogopa jopo, jalada lake ni safi, kwa kuwa halikufunguliwa.

Hao wenzako wawili siwalaumu. Lakini usidhani wamechagua salama kwa niaba ya mtu yeyote isipokuwa wao.

Kwa hiyo sitakwambia ukubali wala ukatae. Nenda Jumatatu, na kabla hujauliza mshahara, waombe wakuonyeshe jalada moja lililofutwa jina, la kijana aliyeanza dawa miaka miwili iliyopita. Angalia kama kuna tarehe ya kipimo cha mifupa, na kama mazungumzo ya uzazi yameandikwa kwa maneno ya kijana mwenyewe au ni alama ya vema kwenye kisanduku. Uliza ni nani kwa jina humpigia simu kijana asiyerudi kliniki, na kama kuna daktari wa akili wanayekaa naye chumba kimoja au ni namba tu ukutani. Kisha nipigie uniambie walivyojibu. Mama yako nalala saa tano siku hizi, kwa hiyo usiogope.

Mama